Amechoka au Ameumia? Maswali Yenu Kuhusu Mtikisiko wa Ubongo na Kipimo cha Usawa wa Mwili

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wa kazi mbalimbali, lakini zote zinazunguka jambo moja: mchezaji ametoka uwanjani akihema, kichwa kimegongwa, na anayempima hajui kama anachokiona ni uchovu au ni ubongo uliotikisika.

SWALI: Habari za kazi. Ninatoa huduma ya kwanza kwenye timu ya mpira wa miguu. Beki wetu aligongana kichwa na mshambuliaji zikiwa zimebaki dakika chache. Tulimtoa, tukamwambia afumbe macho asimame kwa mguu mmoja. Aliyumba vibaya. Wenzake wakasema, "Huyo kachoka tu, hata mimi mkinisimamisha sasa hivi nitayumba." Je, uchovu peke yake unaweza kuharibu kipimo?

JIBU: Unaweza. Na bado mlifanya vyema kumtoa. Mambo hayo mawili hayapingani.

Mwili hukaa wima kwa kutegemea mashahidi watatu: macho, sikio la ndani, na hisia zinazotoka kwenye nyayo, vifundo na misuli ya miguu. Tunapomfumbisha mtu macho tunamwondoa shahidi mmoja makusudi, ili tuone ubongo unavyowatumia wawili waliobaki. Ubongo uliotikisika hushindwa kuunganisha taarifa zao sawasawa, na mtu huyumba. Shida ni kwamba uchovu nao unamvuruga shahidi wa tatu. Msuli uliochoka hutoa taarifa zenye makosa kuhusu mahali kiungo kilipo, kisha huchelewa kuitikia unapotakiwa kurekebisha mkao. Juu ya hapo kuna kuhema, ambako kunatikisa kiwiliwili kizima, na jasho linalofanya mikono iteleze kiunoni. Mchezaji mzima kabisa, asiyeguswa kichwani, akipimwa mara tu baada ya kukimbia kwa nguvu atafanya makosa mengi kuliko alipokuwa amepumzika. Hilo limepimwa mara nyingi, kwa mbio ndefu na kwa mbio fupi za kasi, na matokeo yanaelekea upande uleule. Kusimama kwa miguu miwili hakubadiliki sana. Kinachoharibika ni mguu mmoja, na ule mkao wa mguu mmoja mbele ya mwingine.

Habari njema ni kwamba athari hiyo haidumu. Kwa wanamichezo wenye afya, usawa hurudi ulipokuwa ndani ya dakika 20 hivi za kupumzika, kwa wengine mapema zaidi. Kwa hiyo kipimo mlichokifanya dakika ya pili baada ya kumtoa hakisomeki. Si kwamba kinaonyesha yuko salama, wala hakionyeshi kwamba ameumia.

Fanyeni hivi. Akishatoka, anzeni na dalili za hatari: maumivu ya shingo au shingo kuuma ikiguswa, kuona vitu viwiliviwili, ganzi au udhaifu wa mikono au miguu, degedege, kupoteza fahamu hata kwa muda mfupi, kutapika, kichwa kinachozidi kuuma, kuchanganyikiwa kunakoongezeka, kufadhaika au kuwa mkali bila sababu. Moja tu likionekana, hakuna cha kusubiri kipimo chochote; ni gari la wagonjwa, na kama shingo inashukiwa asiinuliwe na mtu asiyefunzwa. Yasipokuwepo, muulizeni maswali ya Maddocks: tuko uwanja gani leo, hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili, nani amefunga bao la mwisho, wiki iliyopita mlicheza na nani, mlishinda? Mtu aliyechoka hujibu haya akihema, lakini anajibu. Anayekosea hata moja anashukiwa kuwa na mtikisiko.

Kisha akae chini kivulini, avue viatu, anywe maji, na mtu mzima abaki naye muda wote. Orodha ya dalili ijazwe baada ya angalau dakika 10 za kupumzika, kwa sababu mchezaji mzima pia huweza kusema kichwa kinagonga au anahisi kizunguzungu akiwa ndiyo kwanza ameacha kukimbia. Kipimo cha kusimama kiwe cha mwisho, dakika ya 20 au baada ya hapo. Akiyumba wakati huo, uchovu hauwezi tena kubebeshwa lawama.

Lipo jambo moja ambalo hatutaki lieleweke vibaya. Dakika hizo 20 si za kumwandaa arudi uwanjani. Mtikisiko ukishukiwa, siku hiyo kwake imekwisha, hata akisimama imara kama nguzo. Kusimama vizuri hakufuti kichwa kinachouma wala kusahau bao lililofungwa. Na kama hakuna mhudumu wa afya kati yenu, msishike kabisa fomu ya SCAT6, ile ya kupimia mtikisiko. Hiyo ni ya wataalamu wa afya. Kwa kocha na mtoa huduma ya kwanza kuna CRT6, fomu fupi inayosaidia kutambua na kumtoa mchezaji, basi.

SWALI: Shikamooni. Mimi ni mwalimu wa michezo wa shule ya sekondari. Tumepata mtaalamu wa fiziotherapia wa kuwapima wachezaji wetu wote kabla ya msimu, ili tuwe na matokeo ya kulinganishia mtu akiumia. Muda pekee tulio nao ni jioni baada ya mazoezi, na wachezaji ni kama 40 hivi. Kuna ubaya wowote?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Upo, na ni mkubwa kuliko ule wa barua iliyotangulia.

Kumpima majeruhi akiwa amechoka kunaweza kukufanya umtoe mtu ambaye hakuumia. Hasara yake ni mechi moja. Kupima kipimo cha msingi, yaani kile cha kulinganishia, mtu akiwa amechoka kunafanya kinyume: kunakupa namba mbaya unayoiamini kuwa ndiyo hali yake ya kawaida. Chukua mfano wa kubuni. Kijana akipumzika hufanya makosa 3; ninyi mkampima akitoka mazoezini akafanya 9, na 9 ikaandikwa kwenye faili. Miezi miwili baadaye anagongwa kichwa, anapumzishwa vizuri, anapimwa, anafanya 9. Faili linasema hajabadilika. Ukweli ni kwamba makosa yake yameongezeka mara tatu, na sasa kuna karatasi yenye sahihi inayomruhusu kuendelea. Orodha ya dalili huharibika hivyohivyo: kipimo cha msingi chenye alama nyingi za uchovu na kichwa kizito kinaficha dalili za kesho.

Kama jioni ndiyo muda pekee, wapimwe kabla ya kupasha misuli moto, si baada ya mazoezi. Au wasio na zamu siku hiyo ndio wapimwe. Kama hakuna namna, kila mmoja aketi dakika 20 kamili kwanza, na saa ihesabiwe kuanzia alipoacha kukimbia, si kuanzia alipofika kwenye foleni. Watoto 10 kwa siku kwa siku nne ni bora kuliko 40 wakiwa hoi jioni moja.

Kuhusu kipimo chenyewe, fomu ya SCAT6 hutumia BESS (kipimo cha kuhesabu makosa ya usawa) iliyofupishwa, inayofanyika kwenye sakafu ngumu peke yake. Mikao ni mitatu, kila mmoja sekunde 20, mikono kiunoni, macho yamefumbwa: miguu miwili ikiwa pamoja, mguu mmoja, na mguu mmoja nyuma ya mwingine, kisigino cha mbele kikigusa vidole vya nyuma. Mguu unaosimamiwa, na unaokaa nyuma, ni ule ambao mchezaji hapigii mpira. Wapimaji wengi hukosea hapa. Wanamwachia mtoto achague, naye anachagua mguu wenye nguvu. Uandikwe kwenye fomu, wa kushoto au wa kulia.

Saa ianze baada ya macho kufumbwa. Kosa ni kuinua mkono kutoka kiunoni, kufumbua macho, kukanyaga pembeni au kuanguka, kupeleka nyonga pembeni zaidi ya nyuzi 30, kuinua kisigino au sehemu ya mbele ya unyayo, au kukaa nje ya mkao zaidi ya sekunde 5. Makosa mawili yakitokea kwa pamoja, mfano akafumbua macho huku akikanyaga, huhesabiwa moja. Kila mkao hauzidi makosa 10, kwa hiyo jumla ya juu ni 30. BESS kamili hurudia mikao hiyohiyo juu ya sponji nene, na jumla ya juu hufika 60. Asiyeweza kushika mkao hata sekunde 5 hupewa 10 moja kwa moja.

Yapo mambo madogo yanayokula matokeo kimyakimya. Mchezaji apimwe pekupeku, suruali ikunjwe juu ya kifundo ili nyayo zionekane, na bandeji ya kifundo itolewe. Sakafu iwe tambarare. Nyasi za uwanja si sakafu. Muziki na wenzake wanaocheka pembeni huvuta mtu. Aliyeteguka kifundo wiki iliyopita aandikwe hivyo, au asubiri apone. Na mtu huyohuyo akipimwa mara kadhaa kwa siku chache hufanya makosa machache zaidi, kwa kuwa ameshazoea, wala si kwa kuwa amekuwa imara zaidi.

La mwisho kwako, Mwalimu: anayehesabu ni binadamu. Kwa BESS kamili, mpimaji yuleyule akirudia, tofauti isiyofika makosa 7 hivi haina uhakika. Wapimaji wakiwa wawili tofauti, inabidi ifike 9 hivi. Ndiyo sababu tunasisitiza awe mpimaji mmoja kwa timu nzima, na kama simu ipo, arekodi video ahesabu kwa utulivu baadaye. Juu ya fomu aandike saa, sakafu, viatu, na muda uliopita tangu mazoezi yaishe. Sehemu hiyo ndiyo huachwa wazi mara nyingi, na ndiyo itakayohitajika siku ya siku.

SWALI: Mimi ni daktari wa timu ya raga. Ninyi mnasema nisubiri dakika 20, lakini utaratibu wa World Rugby unanipa dakika 12 za mchezaji wa kubadilishwa kwa muda, saa ikihesabu bila kusimama. Nifanyeje?

JIBU: Daktari, huwezi kuzipata dakika 20 ndani ya 12, na hakuna ujanja wa kuzipata. Unachoweza kubadili ni mpangilio na namna ya kusoma matokeo.

Mchezaji akitoka tu, mkalishe. Asitembee huku na huko akijipasha joto asipoe. Fomu inapokuachia nafasi, maliza kwanza maswali, maneno ya kukariri na tarakimu za kurudi nyuma, halafu mkao wa kusimama au kutembea kwenye mstari ubaki mwisho. Kwa njia hiyo atakuwa amepumzika dakika 7 au 8, na kwa wengi sehemu kubwa ya kuhema itakuwa imeshatulia. Kumbuka kwamba kukumbuka yale maneno mara ya pili kunataka angalau dakika 5 zipite tangu yalipomalizwa kusomwa; hizo dakika 5 nazo ni za kupumzisha miguu.

Akishindwa kipimo cha usawa, soma kwamba ameshindwa. Usimpunguzie makosa mawili kwa ajili ya uchovu. Hakuna jedwali halali la punguzo hilo, na kila anayelibuni kichwani mwake hulibuni kwa kumfaa mchezaji. Jibu lililo safi utalipata kwenye vipimo vya hatua za baadaye: ile ya siku hiyohiyo ndani ya saa 3 baada ya mechi, na ile ya baada ya kulala usiku mara mbili. Hapo uchovu wa mechi haupo tena kwenye hesabu. Usawa unaovurugwa na mtikisiko wenyewe, kwa kawaida, huonekana siku za mwanzo na kurudi ndani ya siku 3 hadi 5, kwa hiyo ukichelewa wiki nzima kupima utakuta anasimama vizuri na hutajua alikuwaje.

SWALI: Hakuna kipimo ambacho uchovu haukigusi?

JIBU: Vipo vinavyoguswa kidogo. Kipimo cha King-Devick, cha kusoma tarakimu kwa sauti na haraka kwenye kadi tatu, hakionekani kuharibiwa na mazoezi. Wachezaji wazima waliopimwa baada ya kucheza hawakupungua kasi. Mchezaji akichelewa kuliko kipimo chake cha msingi, ni vigumu kusema ni miguu iliyochoka. Maswali ya kujitambua mahali na wakati hayasumbuliwi sana na mazoezi ya kawaida, ingawa mtu aliyekimbizwa hadi kikomo chake anaweza kukariri maneno machache zaidi kwa muda. Kipimo cha kufuatisha macho na kugeuza kichwa, VOMS, huuliza kama kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu au ukungu kichwani vimeongezeka baada ya kila zoezi, kwa alama 0 hadi 10. Hapa mtu anayehema atakuwa na alama za juu tangu mwanzo, kwa hiyo zichukuliwe kwanza akiwa ametulia.

Hakuna kati ya hivi kinachotosha peke yake. Vinasomwa pamoja.

SWALI: Binti yangu wa miaka 15 aligongwa kichwa siku tisa zilizopita kwenye mpira wa kikapu. Nyumbani na shuleni hana shida yoyote. Jana alikimbia taratibu, kichwa kikaanza kuuma tena. Nimwambie alale tu hadi kila kitu kiishe?

JIBU: Pole, Mama, na pole kwake. Hapana, asilale tu. Ushauri wa zamani wa chumba chenye giza hadi dalili zote ziishe umeachwa. Mapumziko ni saa 24 hadi 48 za mwanzo, nayo si ya kulala kitandani: kazi ndogondogo na kutembea vinaruhusiwa, muda wa kutazama simu na televisheni upunguzwe. Baada ya hapo mwendo mwepesi ni sehemu ya tiba. Katika utafiti mmoja wa vijana waliotikiswa ubongo michezoni, uliochapishwa mwaka 2019, waliopewa mazoezi mepesi ya kuongeza mapigo ya moyo walipona kwa siku 13 kwa wastani wa kati, na waliopewa mazoezi ya kunyoosha viungo tu kwa siku 17.

Kilichotokea jana ni taarifa. Baada ya mtikisiko, udhibiti wa mapigo ya moyo na wa damu inayokwenda kichwani huweza kuyumba. Mtu akiwa ameketi hahisi lolote, mapigo yakipanda dalili zinarudi. Kwa hiyo bado hajapona, na asicheze. Lakini pia mnajua sasa kwamba kuna kiwango cha juhudi ambacho bado anakimudu.

Kiwango hicho hupimwa na mtaalamu kwa kipimo cha Buffalo, kwenye mashine ya kukimbilia. Mtu huanza kwa mwendo wa kutembea haraka, kama kilomita 5 hadi 6 kwa saa, mashine ikiwa tambarare. Kila dakika mwinuko huongezwa asilimia 1 hadi kufika 15. Kila dakika huandikwa mapigo ya moyo na alama ya dalili. Dalili zikipanda wazi kuliko alipoanza, mashine husimamishwa na mapigo ya wakati huo ndiyo kizingiti chake. Kama ni 140, atafanya mazoezi ya dakika 20 kila siku kwa asilimia 80 hadi 90 ya hapo, yaani mapigo 112 hadi 126, kisha apimwe tena.

Mkiwa hamna mashine, daktari anaweza kumwongoza kwa mapigo ya moyo peke yake. Kwa hesabu ya kawaida ya 220 kutoa umri, kikomo cha binti yako ni kama 205. Mazoezi mepesi hayapiti asilimia 55, kama mapigo 113; ya wastani hayapiti 70, kama 143. Baiskeli isiyotembea ni nzuri kuanzia kwa kuwa haitikisi kichwa. Kabla ya kuanza, ajipe alama ya dalili 0 hadi 10. Dalili zikipanda kidogo, si zaidi ya alama 2 na kwa muda usiofika saa moja, hakuna madhara. Zikipanda kuliko hapo, aache, ajaribu tena kesho yake kwa kiwango cha chini.

Kisha ngazi zinafuatana, kila moja angalau saa 24: mazoezi ya mchezo wake peke yake, bila hatari yoyote ya kugongwa, mazoezi na wenzake yasiyo na kugongana, mazoezi kamili, mechi. Kuanzia yale ya pamoja na wenzake, dalili ziwe zimeisha, akiwa ametulia na akiwa anajitahidi, na mazoezi kamili yangoje ruhusa ya daktari. Akipata dalili kwenye ngazi hizo za juu, arudi kwenye yale mazoezi ya mchezo wake akiwa peke yake hadi ziishe. Shule irejewe kikamilifu kabla ya mchezo.

SWALI: Kocha wangu anataka, kabla ya kumruhusu mchezaji arudi, tumkimbize kwanza kisha tumpime kusimama hapohapo. Anasema akisimama imara akiwa amechoka, basi amepona kweli. Ni sawa? Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia.

JIBU: Kocha ameona jambo la maana, kwamba mtu anayeonekana mzima akiwa ameketi hajathibitishwa. Amechagua kipimo kisichofaa tu. Akiyumba baada ya kukimbizwa, mmerudi kwenye swali la barua ya kwanza, na sasa hamna jibu.

Tenganisheni vitu viwili. Mpime usawa kwanza, akiwa ametulia, mkilinganisha na kipimo cha msingi. Halafu mkimbize: baiskeli dakika 10 mapigo yakipanda, mbio fupi, kuruka, kujiviringisha na kugeuka ghafla kama mchezo wake unavyodai. Wakati huo kinachofuatiliwa ni dalili, kila dakika chache, na tena dakika chache baada ya kuacha. Muulize kwa swali lililo wazi, "Kichwa kinajisikiaje?", si "Uko sawa?", kwa kuwa la pili hujibiwa ndiyo na kila anayetaka kucheza. Mkitaka kurudia kipimo cha kusimama siku hiyohiyo, aketi dakika 20 kwanza. Na kesho yake asubuhi muulizeni tena. Dalili nyingine huja baada ya kulala.